Pazia la Mwanaiddi kwa Daktari wa Meno

Mwanaiddi, mjane wa Safari, alikuwa mtu wa kutoamini, na hilo Mpanda mjini walilijua wote, kuanzia wauza vitenge wa sokoni hadi kina mama wa Kawajense waliompelekea nguo za kushona. Ukimkaribisha chai, atasubiri wewe unywe kwanza. Ukimsifia gauni, atajiuliza unataka nini kwake. Watoto wa jirani wakimwamkia kwa adabu iliyozidi, alikwenda moja kwa moja kukagua kuku wake. Na tusimcheke sana, maana kuku walikuwa wakipungua kweli.

Kwa hiyo daktari wa meno aliposhuka kwenye treni ya Tabora na kiti chake kimefungwa magunia, miaka ile ya tisini madaktari waliporuhusiwa tena kufungua vyumba vyao wenyewe, Mwanaiddi alikuwa wa kwanza kuuliza nini kilimfukuza huko alikotoka. Daktari aliitwa Ambrosi, kijana wa Kifipa, mpole, mikono yake ikinukia sabuni wakati wote.

"Mtu mwenye mikono safi namna ile," Mwanaiddi alimwambia binti yake Kauthar, "anaosha nini?"

Kauthar alijifunika mdomo kwa upande wa khanga. Jino la nyuma lilikuwa likimsumbua tangu mavuno, na kila alipofumbua mdomo upepo ulimchoma. Daktari Ambrosi alikwishamwangalia mara moja, akasema jino limeoza hadi kwenye mzizi, ling'olewe kabla usaha haujashuka shingoni. Mwanaiddi alimshika bintiye mkono wakaondoka zao.

Ungesema ni ujinga, lakini mumewe alikufa kwa jino. Safari aling'olewa mnadani Sibwesa, na mtu aliyezunguka na koleo lake na kigoda, akimwambia, "Tulia, mzee, tulia tu." Safari akatulia. Taya likavimba, shingo ikafuata, wakamzika. Tangu hapo neno lile "tulia" lilimpandisha Mwanaiddi hasira, na Kauthar ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye duniani.

Basi fikiria alivyoshangaa daktari mwenyewe alipopiga hodi kwake, akamwomba amtengenezee chumba cha kungojea. Wagonjwa walikuwa wanakuja, wanakaa kwenye benchi, wanamsikia mwenzao akiguna upande wa pili, halafu ghafla wanakumbuka kwamba ng'ombe wao wamebaki peke yao. Mmoja alitorokea dirishani.

"Nataka chumba cha kuwatuliza watu, Mama Kauthar," daktari alisema. "Pazia zito, wasione vyombo. Harufu ya dawa isiwafikie. Mtu akiingia, moyo ushuke."

"Wasione," Mwanaiddi alirudia.

"Ndiyo, mama. Wakiona wanaogopa."

Machale yakamcheza. Anayetaka utulie ana lake analotaka kukufanyia, na anayetaka usione ana cha kuficha. Mjini walikwishaanza kunong'onezana habari za mumiani. Mwanaiddi alikubali kazi palepale, akijua ndiyo njia ya kuingia mle ndani na kuchunguza kwa macho yake, kabla hajaamua lolote juu ya jino la Kauthar.

Akachunguza kweli. Akipima dirisha, alifungua droo. Akipima mlango, alichungulia ndoo. Alikuta pamba, chupa za spiriti, na jiko la mafuta ya taa lenye sufuria iliyokuwa ikitokota.

"Unapika nini, daktari?"

"Koleo, mama. Naua vijidudu."

Mwanaiddi aliinamia sufuria akatazama kwa muda mrefu, asione kijidudu hata kimoja kikielea. Hilo nalo akaliweka moyoni.

Ila kazi ni kazi, na yeye hakuwahi kutoa kazi mbovu. Alijiuliza ni wapi aliwahi kuona watu wamekaa chumbani kwa utulivu kabisa, hakuna anayepayuka, hakuna anayekimbia. Picha ikamjia bila kuitafuta, akaifuata. Akatoa benchi nje. Akatandika mikeka ukuta hadi ukuta. Akashona pazia zito la kijani kibichi lililomeza mwanga wote. Kalenda akaitoa ukutani, redio akaiondoa. Kwenye kona akaweka chetezo cha ubani ili ufukuze harufu ya spiriti. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba, kifua kikawa kizito asijue kwa nini, akadhani ni moshi.

Asubuhi ya kufungua, wagonjwa walikuja. Wa kwanza akaingizwa ndani, nyuma ya pazia. Wengine walivua viatu mlangoni wakakaa mikekani kimya, kila mmoja mkono shavuni, kama mwenye jino bovu anavyokaa. Wa mwisho kufika alikuwa Makoye, mfugaji wa Kisukuma kutoka Mwamkulu, mtu mrefu mwenye maumivu makali. Aliinama mlangoni, akaona mikeka, akanusa ubani, akaona watu wote wameshika tama. Akavua kofia.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema kwa sauti ya chini. "Katutoka nani?"

Hakuna aliyejua, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mmoja alilitazama pazia. Nyuma yake chuma kiligonga bakuli, kisha kimya.

"Atakuwa yule aliyeingia kwanza," mwanamke alinong'ona. "Si hajatoka mpaka sasa?"

Mwingine akaanza kulia, kwa heshima tu, kama desturi inavyotaka, na kilio cha namna hiyo kikishaanza hakimwachi mtu nyuma. Barabarani wakasikia. Daktari alikuwa bado anahangaika na jino lilelile wakati Esteria wa Kawajense alipofika na mzigo wa kuni kichwani, wenzake nyuma yake na ndoo za maji, wakaanza kupanga mafiga uani.

"Jamani nyie," Esteria alilalamika daktari alipofunua pazia kuona kulikoni, "mbona hamkututumia habari?"

Daktari alisimama pale na koleo mkononi, jino limo, na damu. Chumba kilibaki kitupu kufumba na kufumbua. Hata aliyekuwa kwenye kiti, yaani marehemu mwenyewe, alitimua mbio na pamba mdomoni.

"Umenifanyia makusudi, Mama Kauthar," daktari alimwambia Mwanaiddi alipofika mbio kwa kusikia kilio. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwanaiddi aligeuka kukitazama chumba, na sasa aliitambua ile picha aliyoifuata. Mikeka ile, giza lile, ubani ule: ndivyo sebule yake ilivyokuwa siku walipomtoa Safari. Watu walitulia sana siku ile.

"Sikukusudia," alisema. Lakini mtu aliyezoea kushuku dunia nzima, siku hiyo alijishuku mwenyewe, asiwe na hakika kama mikono yake nayo haikukusudia.

Baada ya hapo hakuna aliyekanyaga kwa daktari. Sokoni walisema amemaliza mtu, wakamfuata Mwanaiddi awathibitishie, maana yeye aliingia mle ndani. Siku nyingine angekuwa na la kusema. Mara hii alikazana na cherehani yake.

Kisha asubuhi moja Kauthar aliamka shavu limevimba hadi jicho limebanwa. Mwanaiddi alimpapasa chini ya taya, akagusa pagumu, pa moto. Vidole vyake viliujua ugumu ule. Viliwahi kuupapasa shingoni mwa Safari. Akajifunga khanga, akamshika mtoto wake mkono wakatoka.

Walimkuta daktari peke yake, kakaa mkekani.

"Wewe mimi sikuamini," Mwanaiddi alimwambia. "Nakwambia usoni usije ukasikia kwa watu. Siwezi kumwamini mtu anayetaka nisione."

Daktari aliutazama uso wa Kauthar, akainuka upesi. "Basi ona, mama! Ona kila kitu, ila usiniondolee tena huyu mtoto."

Mwanaiddi alichomoa mkasi kwenye pindo la khanga akakata kamba. Pazia likaanguka lote. Akaburuta benchi kutoka uani hadi karibu kabisa na kiti, akakaa, na mlango wa barabarani akauacha wazi. Wapita njia wakaanza kusimama kwa mbali. Makoye alikuwa miongoni mwao, bado na jino lake, bado na mkono shavuni.

Daktari alikitaja kila alichofanya. Sasa natoa koleo kwenye maji yaliyochemka. Sasa nachoma ganzi. Sasa tunasubiri ishike. Mwanaiddi alitoa macho, akingojea lile neno "tulia". Likitoka tu, alijiapiza, anaondoka na mwanawe.

"Ukiumia, Kauthar," daktari alisema, "inua mkono. Naacha hapohapo."

Safari hakuambiwa hivyo. Mwanaiddi aliuma midomo, akabaki alipokaa.

Koleo liliingia. Taya la Kauthar lilisukumwa huku na huku, kitu kikakwaruza, usaha ukatoka pamoja na damu. Kauthar akainua mkono. Daktari akaacha hapohapo, akarudi nyuma. Jino lilikuwa tayari limo kwenye koleo.

"Limeshatoka," alisema. "Nini tena? Bado inauma?"

Kauthar alitikisa kichwa. Mkono wake haukuwa wa kuomba daktari aache. Ulikuwa umemwelekea mama yake.

"Mama," alisema, ulimi mzito kwa ganzi, "toa mkono shavuni. Hapa hakuna msiba."

Mwanaiddi hakujua kwamba ameshika tama. Aliushusha mkono ule polepole, akaukuta umelowa, akaufutia kwenye khanga. Halafu alilia waziwazi, mbele ya watu wote, na mara hii wala hakujali nani anamtazama.

Nje watu walikuwa wamesogea hadi kizingitini. Makoye alivua kofia, akasitasita, akaivaa tena, akaingia. Mwanaiddi alijisogeza kwenye benchi kumpa nafasi.

"Kaa upande huu," alimwambia. "Ndiyo utaiona vizuri mikono yake."