Mke wangu alivuja damu kichwani, akabaki na neno moja tu: "manzi"

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Mimi hapa ni msomaji tu, naingia, nacheka na comments zenu, natoka. Leo naandika.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa. Na mwenye kichwa kilichovuja ameketi sebuleni, anajua ninachoandika. Nikiongeza chumvi atanisahihisha.

Ni mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa dereva wa lorry, nabeba vitunguu na nyanya kutoka Loitokitok, natokea Emali, halafu Mombasa ama Nairobi. Nyumbani ni Makueni, karibu na Emali. Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa mwalimu wa Standard Two. Kwao ni Kanyangi, upande wa Kitui.

Wasio Wakamba, nisikilizeni kidogo. Kikamba cha Kitui na chetu ni lugha moja, lakini kuna maneno yanatofautiana. Alipoolewa, dada zangu walimcheka kila alipofungua mdomo. Mimi sikumtetea, nilicheka nao. Baada ya mwaka mmoja akawa anaongea kama sisi, nikasahau kama aliwahi kuongea tofauti.

Jambo la pili nalisema kwa aibu. Nilikuwa na mwanamke Makindu. Alifanya kazi kwa hoteli moja ambapo madereva tulikuwa tunakula. Mwaka mzima. Na Jumapili mimi ndiye usher kanisani, tai shingoni, nawaonyesha watu viti.

Madereva wa Nairobi walikuwa wametuletea Sheng, na msichana tukawa tunamwita manzi. Neno hilo nililifikisha hadi kwangu. Siku moja nikifunga viatu, Mama Mwende akaniuliza akicheka, "Leo unalala njiani kwa manzi?"

Nilicheka pia. Siku hiyo Makindu nilipita bila kusimama, na moyo haukutulia mpaka Kibwezi.

Mwezi haukuisha.

Nilikuwa Emali saa tano asubuhi tunapakia magunia, headmaster wa mke wangu akafika na pickup. Hakusalimia. "Dereva, panda gari. Ni mwalimu."

Mama Mwende alikuwa anaandika hesabu ubaoni. Akashika kichwa, akasema "Ngai, kichwa changu," akaanguka na chaki mkononi. Watoto walidhani ni mchezo, wengine wakapiga makofi.

Nilimkuta amelazwa juu ya meza ya staffroom. Mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia unaning'inia, macho wazi. Walimu wawili walikuwa wanaomba kwa sauti. Mimi nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Asubuhi hiyo alikuwa amenigombeza kwa sababu ya matope kwa viatu, na sasa hakuweza hata kufunga mdomo wake.

Hospitali ya wilaya wakatutuma Nairobi. Huko daktari akanieleza kwa ufupi: mshipa umepasuka, damu imemwagika kwenye ubongo upande wa kushoto, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno vimeenda.

"Vitarudi?"

"Tungoje."

Tulingoja wiki tatu. Hakutoa hata neno moja. Nesi mmoja aliniambia, "Mpe uji mzito tu. Maji yatampalia." Nadhani alimaanisha siku zile za kwanza, lakini mimi nilishika hivyo hivyo, tukarudi nyumbani na sheria yangu ya uji mzito.

Lorry nilimwachia dereva mwingine. Mwende, mtoto wetu, alikuwa na miaka tisa, akaenda kukaa kwa shangazi yake. Mimi ambaye sikuwahi kuosha hata kikombe, nikawa namwosha mke wangu, namgeuza, nakunja na kunyoosha ule mkono kama walivyonionyesha.

Mama mkwe akaja kutoka Kanyangi kutusaidia. Sasa, kwetu kuna nthoni. Hiyo ni heshima ya mkwe: mama ya mke wako hamketi pamoja, hamtazamani usoni, na chumba chako cha kulala hawezi kukanyaga. Alilala kwa jirani, mchana akapika na kufua kule nje. Mgonjwa alimwona tu nikimtoa kuota jua, na huko nje mgonjwa alikuwa analala tu.

Siku ya nne tangu mama mkwe afike, nikiwa namlisha mke wangu uji, midomo yake ikaanza kuhangaika.

"Ma... nzi."

Nilifurahi kwa sekunde moja hivi. Halafu nikasikia alichosema.

"Manzi," akarudia, ananitazama moja kwa moja. Chozi likatoka kwa lile jicho la upande mzima.

Wakuu, niliweka bakuli chini. Mungu amemrudishia neno moja tu kati ya maneno yote ya dunia, na neno lenyewe ni hilo!

Alilisema siku nzima. Kesho yake pia. Nikimfunika, manzi. Nikimpa uji, anageuza uso, manzi. Nikaacha kumtazama machoni. Watu wa kanisa walipokuja kumwona nikawazuia sebuleni, nikasema daktari amekataza wageni. Uongo mtupu. Niliogopa wasikie.

Najua kuna Mkamba anasoma hapa ameshaelewa na ameshika kichwa. Tulia ndugu. Mwenye hatia masikio yake hufanya kazi tofauti.

Siku ya tatu ya hilo neno nikashindwa. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama Mwende, ni kweli. Niko na manzi. Ako Makindu."

Nikasema yote. Jina lake, hoteli, tangu lini, ile safari niliyomdanganya gari limeharibika kumbe niko huko. Nilimwaga kila kitu.

Akanitazama. Midomo imekauka, imepasuka.

"Manzi."

"Si nimesema ni kweli! Unataka niseme nini ingine?" Nikaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima.

Pazia la mlango likafunguka.

Mama mkwe aliingia. Ndani ya chumba chetu cha kulala. Alikuwa na kikombe cha bati mkononi, ameelekeza uso wake ukutani ili asinione nikiwa magotini.

"Baba Mwende," akasema polepole, "mtoto anataka maji. Huku kwenu ni kiw'u. Kwetu Kitui maji ni manzi. Ako na kiu."

Sijui niwaelezee vipi. Siku tatu mke wangu aliomba maji, na mimi nikampa mwanamke wa Makindu.

Mama mkwe alimwinua kichwa, akampa kwa kijiko, kidogo kidogo. Alikohoa mara moja tu. Akanywa vikombe viwili, akafumba macho, akalala. Mama akatoka, akalirudisha pazia vizuri.

Hakusema kitu. Angesema aje? Nthoni inamkataza kuongea na mimi mambo kama hayo. Alikaa miezi miwili, na kila asubuhi nilikuta jagi la maji limefunikwa, limewekwa mlangoni. Heri angenitukana.

Makindu nilienda mara moja, mchana, nikamwambia yule mwanamke imeisha. Aliniuliza mke wangu anaendelea aje. Nilimjibu, nikaondoka.

Kliniki nilimuuliza nesi kama watu hawa wanasahau lugha. Akasema wengine hurudi na lugha ya utotoni kwanza. Nikamuuliza tena kama wakati ule hawezi kuongea alikuwa anaelewa watu wakiongea.

"Wengine wanaelewa kila kitu. Kwani?"

"Nauliza tu."

Nikajipa moyo kwamba yeye si kati ya hao wengine.

Kazi ikaendelea mwaka na zaidi. Nilipaka kipande cha mbao rangi nyeusi, nikachukua chaki zake, nikawa namchorea vitu. Kikamba cha Kitui kilirudi kwanza, ikabidi nijifunze kwa mama mkwe, yeye akisema akiwa jikoni, mimi nikirudia nikiwa uani. Yale maneno niliyoyacheka na dada zangu, sasa nayatafuta moja moja. Kisha kikaja Kikamba chetu, kisha Kiswahili. Mwende alirudi nyumbani akawa anamsomesha kitabu cha Standard Two, kile kile alichokuwa anafundisha.

Basi alasiri moja tumekaa nje, yeye anamenya mbaazi kwa mkono wa kushoto. Akaniita.

"Baba Mwende. Manzi."

Nikaruka. Nikaleta kikombe kimejaa. Alikiangalia, akaniangalia mimi.

"Si hii," akasema. "Ile ya Makindu."

Maji yote yaliishia kwa suruali yangu. Nilikaa chini kwa udongo, pale pale.

"Iliisha," nikasema.

"Lini?"

"Ile wiki mama aliingia ndani."

Akamenya mbaazi kama nne hivi. "Mama... alisikia?"

"Alisikia."

Alitikisa kichwa. "Pole... mama," akasema. Kwangu hakusema pole, na sikuwa na haki ya kungoja. Halafu akanionyesha kikombe.

"Leta ingine. Hiyo umemwaga."

Hayo ndiyo yangu wakuu. Nilichojifunza: ukiuguza mtu aliyepoteza maneno, usidhani amepoteza na masikio. Na akitoa neno, kabla hujalitafsiri kwa hofu zako, uliza watu wa kwao linamaanisha nini. Mke wangu angekufa kiu na mimi nimepiga magoti kando yake.

Kama nimesamehewa, hajawahi kuniambia, na mimi sijawahi kuuliza. Hakurudi kufundisha, lakini anatembea, anaimba, ananigombeza kwa viatu kama zamani.

Nyinyi mliouguza mke ama mume, neno la kwanza lilikuwa gani, na mlilisikia vizuri? Andikeni hapo chini, matusi pia nitasoma.

Naitwa sebuleni. Watoto na wajukuu akitaka maji huwaambia kiw'u. Mimi peke yangu ndiye huambiwa manzi, na huwa naenda mbio.