Wimbo Tulioupa Jina la Meza Tupu

Kwa miaka mingi mimi na mwenzangu tulibishana jambo moja tu: ni zipi nyimbo bora za bendi ile. Chakula, dini na siasa tulikubaliana au tukanyamaziana. Lakini akigusa nyimbo, damu ilikuwa ikinichemka.

Bendi yenyewe ni ya Wamarekani wa zamani, wenye magitaa matulivu na sauti tatu nne zinazopandana. Wanaimba habari za farasi, barabara ndefu na watu wanaojuta. Tulizipiga nyimbo zao kila Jumapili mchana kando ya bwawa la kuogelea la hoteli moja pale Diani, wageni wakila. Hakuna aliyetuuliza Mdigo wa Msambweni na Mduruma wa Mackinnon Road wana udugu gani na farasi. Mwenzangu alikuwa na jibu lake tayari. Alikulia kando ya barabara kuu, mama yake akiwauzia madereva wa malori chai na maharagwe, na dereva mmoja alimwachia kanda ya bendi hiyo. "Ukame naujua, barabara ndefu naijua," alikuwa akisema. "Kujuta nitajifunza mbele ya safari."

Mimi sikuwa na kanda wala dereva. Kuimba nilijifunza madrasa, kwenye maulidi. Pale msomaji husoma ubeti wake hadi mwisho, kisha ndipo sisi wengine huitikia. Ukiitikia kabla hajamaliza umemkata msomaji, na huo ni utovu wa adabu. Ustadhi wetu alikuwa na ufito kwa ajili ya kosa hilo peke yake, na mgongo wangu uliufahamu vizuri. Kwa hivyo nilipoajiriwa kuimba sauti ya pili hotelini, nilifanya nilivyofunzwa. Mwenzangu aliimba mstari, nikamngoja amalize, kisha nikauimba mimi.

Siku ya kwanza alinigeukia kati ya wimbo, uso umemvimba. "Umechelewa!"

"Sijachelewa. Nakungoja umalize."

"Tunaimba pamoja, shehe! Pamoja! Hapa si maulidini."

Nilijaribu kujirekebisha, wallahi nilijaribu. Lakini kila nilipokaribia kumwingilia katikati ya neno, mgongo uliniwasha. Mwisho mpiga besi wetu akasema tuache hivyo hivyo, wageni wanapenda. Kweli walipenda. Mzee mmoja wa Kizungu alituuliza ni nani aliyebuni mtindo ule, na mwenzangu akasema ni yeye. Sikumsamehe kwa muda mrefu.

Majina ya Kiingereza ya nyimbo hatukuyatumia. Tulizipa majina ya kazini. Upo tuliouita Kamba wa Kuchoma, kwa sababu urefu wake ulilingana na muda wa sahani ya kamba kutoka jikoni. Upo Watoto Majini, wa mwendo wa haraka, wa kuwachangamsha waliosinzia. Na upo Meza Tupu. Huo tuliupiga wa mwisho, wahudumu wakikunja vitambaa. Katika Meza Tupu kazi yote ni ya mwimbaji wa mbele. Anapanda, anashuka, anabeba ubeti mzima peke yake, na sauti ya pili huingia mwishoni kwa mstari mmoja mfupi, basi.

Kwake yeye huo ndio ulikuwa wimbo bora wa bendi ile, na hakuna wa pili. Kwangu bora ni Kamba wa Kuchoma, ambao kiitikio chake kinavuka hadi ng'ambo ya bwawa.

"Wewe unapenda ule unaosikika wewe," aliniambia.

"Na wewe je?"

"Mimi pia." Tukacheka, lakini hakuna aliyebadili msimamo.

Kisha hoteli ikaachana na bendi yetu. Siku hizi kuna kijana mmoja na kompyuta yake. Mwenzangu akaenda Ukunda kufundisha gitaa, mimi nikarudi nyumbani Msambweni, nikafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Tulikuwa tukionana sikukuu zake na zangu.

Mwaka jana alikuja siku isiyo ya sikukuu, asubuhi, gitaa mgongoni. Alipopiga hodi sikuitambua sauti. Ilikuwa ikikwaruza, kama mlango wa bati unaoburutwa. Mke wangu alimkaribisha, "Karibu shemeji, umepatwa na mafua?" Akatikisa kichwa. Alikaa barazani, akanywa maji, akatueleza. Daktari ameona uvimbe kooni. Atapasuliwa juma lijalo. Uhai wake hauhofiwi sana, lakini sauti hakuna anayemwahidi. Amekatazwa hata kuongea kwa nguvu.

"Nimejipa nyimbo tatu," akasema. "Daktari hajui. Chagua."

Niliona uchungu, na hasira pia, sijui juu ya nani. Nilimwambia asiimbe hata mmoja. Akaanza kukaza nyuzi kana kwamba sikusema neno. Basi nikachagua. Nikasema Kamba wa Kuchoma, kwa sababu ubishi ni ubishi. Mke wangu, ambaye alizisikia nyimbo zile nikizifanyia mazoezi nyumbani miaka yote ile, akachagua Watoto Majini.

Tuliziimba zote mbili. Sauti yake ilikatika mahali, akaiokota, akaendelea. Mimi niliitikia nyuma yake kama siku zote, na safari hii hakuniambia nimechelewa. Jirani alisimama na ndoo yake mpaka tukamaliza.

"Sasa wako," nikamwambia. "Meza Tupu."

Akalaza kiganja juu ya nyuzi. "Huo tuuache," akasema. "Nikirudi."

Nilitaka kumshika bega nimwambie, imba, ndugu yangu, uimbe leo, sauti ingalipo. Sikusema. Niliona ni kama kumwambia kwamba hatarudi nayo. Nilimsindikiza hadi barabarani tukizungumzia bei ya nyuzi za gitaa. Jambo hilo nimelijutia kuliko yote niliyowahi kuyajutia katika urafiki wetu, na nililijutia kila siku ya miezi minne iliyofuata.

Maana upasuaji ulikwenda salama, na sauti ikaenda nao. Alibakiwa na mnong'ono, wa kusikika ukimsogelea tu. Nilikwenda kumwona Ukunda mara mbili, na mara zote mbili gitaa lilikuwa ukutani. Sikuthubutu kulitaja.

Kisha mwezi uliopita, baada ya sala ya adhuhuri, narudi nyumbani namkuta barazani, mke wangu amemwekea uji. Gitaa liko mapajani. Hakunisalimu kwa maneno, alinyanyua kidevu tu. Akaanza kupiga.

Niliutambua kwa nyuzi mbili za kwanza. Meza Tupu. Vidole vyake vilikuwa havijasahau kitu. Dibaji ikaisha, pakafika pale anapoingia mwimbaji wa mbele, na hakuingia mtu. Gitaa liliendelea peke yake. Mwenzangu alifumba macho. Midomo ilicheza kidogo, bila sauti.

Sikuweza kuvumilia. Nilijua mahali pangu ni mwishoni, nimepajua miaka yote, lakini nikaona bora pasikike chochote kuliko kimya kile. Nikafungua mdomo, nikauimba mstari wangu.

Gitaa likanyamaza. Akafumbua macho, akanitazama kwa uso ule ule wa hotelini, uliovimba. Akaniashiria nisogee. Nikainama, sikio karibu na mdomo wake.

"Umewahi," akanong'ona. "Sijamaliza."

Nikaomba radhi. Nilikaa chini, mikono magotini kama madrasa. Akauanza upya tangu dibaji, na mara hii nikamngoja.