Kinyozi Anayezima Mashine

Jumamosi asubuhi, kibanda kimejaa, na mashine ya kunyolea inazimwa ghafla. Fundi bomba aliyekalia kiti anabaki na kichwa nusu: upande mmoja nywele, upande wa pili unang'aa. Halalamiki. Anajitazama kwenye kioo na kutulia, maana anaujua utaratibu wa kinyozi huyu.

Mlangoni amesimama binti wa miaka sita ambaye wateja humwita Bosi. Ana jambo.

"Ma… ma… ma-i…"

"Nakusikiliza, mama," kinyozi anamwambia mwanawe.

"Ma-ji… ya-me… ka-ti-ka!"

"Loo!" fundi bomba anaruka. "Kazi imenifuata mpaka kwenye kiti!"

Kibanda kizima kinacheka, Bosi akiwashinda wote. Mashine inaanza kulia tena.

Kinyozi huyu analea watoto watatu peke yake. Bosi ndiye kitinda mimba, na alifika miaka mitatu akisema "ma" tu. Majirani hawakukosa la kusema: ulimi umefungwa, mtoto amedekezwa, atasema akitaka. "Kila mtu alikuwa daktari," anasema kinyozi.

Hospitalini, mtaalamu wa matamshi alimweleza kwamba masikio ya mtoto ni mazima na akili ni nzima. Anakijua anachotaka kusema, ila mdomo unashindwa kuzipanga sauti. Halafu akauliza, "Nyumbani nani anamsemea?"

Kinyozi akamgeukia kifungua mimba wake, kijana ambaye nyumbani hadi leo anaitwa Mkalimani. Bosi alikuwa akinyoosha kidole tu, kaka amekwisha sema: anataka uji, ana usingizi, ameumwa na siafu.

"Ni huruma tu, jamani. Lakini mdogo wake ahangaike kusema kwa nini, wakati mdomo wa kukodi anao?" kinyozi anasema.

Ikawekwa sheria: Bosi hamaliziwi neno, na akianza kusema, mashine izimwe. Mkalimani alinuna kama mtu aliyeachishwa kazi.

Binti wa kati naye akaja juu. "Mimi nikichelewa kujibu naitwa jeuri. Yeye anazimiwa mashine!"

"Nikalifikiria hilo," kinyozi anasema. "Nikaona mtoto ana haki."

Tangu hapo, yeyote kati ya watatu akija na neno lake, mashine inazimwa. Siku ya kwanza wa kati alisimulia ugomvi mzima wa kuruka kamba, nani alianza na nani alilia, huku mzee mmoja akisubiri na povu kidevuni.

Wapo wateja waliohama. "Waliobaki nawashukuru kila nikiamka. Mtu ana haraka zake, anakubali kukaa na kichwa nusu kwa ajili ya mwanangu. Huyo nimlipe nini?"

Sasa jambo moja linamkosesha usingizi. Kesho Mkalimani anakwenda shule ya bweni. Jumatatu Bosi naye anaanza darasa la kwanza, bila kaka wa kumkimbilia.

Fundi bomba ameshuka, na Mkalimani anakaa kitini anyolewe kwa ajili ya shule. Kichwa kimefika nusu, Bosi anaingia na kushika kitambaa alichofungwa kaka yake. Mashine inanyamaza.

"U… u-ta…"

Kaka amelijua neno linalokuja, usoni inaonekana. Anauma mdomo, mikono imekishika kiti kwa nguvu.

"U-ta-ru-di… li-ni?"

Mkalimani anafungua kinywa, anafumba. Anajaribu tena. Bosi amesimama palepale, anamsubiri.

"Li… likizo," anasema mwishowe.

Kinyozi anajifuta macho kwa kiganja, anasingizia nywele.

"Mwalimu atamwuliza Bosi jina," anasema. "Namwomba kitu kimoja tu, asubiri. Jina analo, atalitoa mwenyewe."

Mashine bado haijawashwa. Bosi ana swali la pili.