Injini ya Mashua Iliyoletwa Handeni

Nimefanya kazi na injini nyingi mbovu, lakini ni moja tu niliyoidharau kama mtu anavyomdharau mtu. Ilikuwa ya dizeli, ya silinda moja, imetolewa tumboni mwa mashua ndogo ya tanga kule Pangani. Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa aliikuta kwenye duka moja huko Korogwe ya zamani, karibu na mto. Alitaka ituendeshee mashine ya kusaga mahindi, akanichukua niikague kwa sababu niliwahi kuendesha mashine kwenye shamba la mkonge.

"Fundi," mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliniambia, "hii imezoea kunywa bahari. Huko Handeni mtainywesha nini?"

Mwenyekiti akajibu kabla yangu. "Itakunywa maji ya wananchi."

Alidhani amesema jambo la maana. Injini ya mashua huvuta maji ya nje, hujipoza nayo, kisha huyatema hukohuko. Handeni hakuna cha kuvuta. Nilimwomba pipa tuyazungushe maji yaleyale, lakini pipa pekee la kijiji alikuwa amelipasua akatengenezea mlango wa ofisi yake. Badala yake likatoka agizo: kila mama anayeleta mahindi kusagwa alete na ndoo ya maji.

Basi ikawa kazi yangu kuitumikia ile takataka. Asubuhi niliwasha tambara lenye dizeli mdomoni mwake ili ivute hewa ya moto, huku wanaume wawili wakizungusha hendeli mpaka watukane. Ikikubali, ilikohoa moshi mweusi na kuchafua kila kanga iliyokuwa karibu. Upepo uliingia kwenye bomba la mafuta; nikalegeza nati, nikapampu mpaka mapovu yaishe, nikakaza. Mchana, tena. Njia za maji zilikuwa zimeliwa na chumvi, nami nilizikwangua kutu kwa spoku ya baiskeli. Yote hayo ili tupate unga unaonuka dizeli.

Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kushika spana, aliiita mkombozi wa mwanamke. Alikuwa akisema hivyo siku moja, kalamu zimejaa mfukoni mwa shati, mama mmoja mjane alipomkatiza.

"Ndugu Mwenyekiti, hebu nieleze. Nimeamka alfajiri kwenda kisimani kwa ajili ya hiki chuma. Sasa mimi nakombolewa saa ngapi?"

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti akakunja uso. "Mama, usirudishe maendeleo nyuma."

"Basi yaendelee bila maji yangu," akasema, akajitwika ndoo yake na kuondoka. Wengine wakamfuata. Kuanzia hapo foleni ikafa, na asubuhi kijiji kizima kilisikika kikitwanga.

Kisha wakaja wageni kutoka wilayani. Mwenyekiti aliniamuru niiwashe waikute inanguruma. Maji niliyokuwa nayo yakaisha hotuba ikiwa katikati. Nikasikia harufu ya rangi inayoungua, nikanyoosha mkono nifunge mafuta.

"Usiguse!" alininong'oneza meno yakiwa yamebanwa, huku akiwachekea wageni.

Moshi ulipopanda, aliingiwa na hofu. Akanyakua ndoo ya maji ya kunawa ya wageni, akaimwagia injini juu ya silinda, chuma kikiwa cha moto vile. Ulisikika mlio mmoja mkavu, pwaa, kisha kimya.

"Mashine imepumzika," akatangaza.

Wageni wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi! Mmoja wao akatazama viganja vyake, akauliza, "Sasa tutanawa na nini?" Mwishowe wakajifuta kwa leso, wakala pilau.

Walipoondoka nilikagua. Kifuniko cha silinda kilikuwa kimepasuka upande hadi upande. Nilingoja nione huruma, kwa jinsi nilivyoihangaikia. Sikuona chochote, ila mabega yalikuwa mepesi.

Mwenyekiti hakuulizwa kitu. Alihamishwa akaongoze kijiji kikubwa zaidi, na nilisikia huko aliwasimulia habari za mashine nzuri aliyotuachia. Mimi nilifunga spana zangu kwenye gunia, nikapanda mlimani hadi Vugiri kuomba kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Injini ya kule nayo ilikuwa kuukuu na chafu, lakini maji yalishuka yenyewe kutoka mlimani kwa bomba, na hakuna aliyeihutubia.