Kiraka cha Kiti cha Mbele

Kiti cha mbele cha gari la mume wangu kilichanika, na fundi akataka tumwachie gari wiki nzima. Nikasema nitakishona mwenyewe. Stoo nilikuta mkoba mkuukuu wa ngozi, nikakata kiraka humo, nikakibandika kwa gundi na kukishona kwa sindano ya magunia. Kilitoka safi hata majirani wakaja kukitazama, nami nikajisifu bila haya.

Ijumaa tukampeleka mama mkwe Mbegani. Alipofungua mlango, akakipapasa kile kiraka.

“Mwanangu, huu si mkoba wangu niliokwenda nao Hija?”

“Ndiyo, mama. Nisamehe, sikujua.”

Akalikusanya baibui lake, akaketi taratibu.

“Umeshona vizuri,” akasema. “Kesho njoo unishonee makochi.”