Jiwe la Nasike Kutoka Chini ya Dunia

Huko Kaloleni, mwaka wa 1996, Nasike alijulikana kama yule dem wa kuokota mawe. Hakujali. Alisomea miamba chuo, na jiwe lake la Marsabit lilirushwa juu na volkano kutoka chini ya ganda la dunia. Leo lilikuwa limpatie nafasi ya utafiti, maprofesa wakiliona.

Lakini chini ya kitanda, alikoliweka, halikuwepo! Akalipata bombani, mamake akijisugua nalo visigino.

“Mathe! Hilo limetoka kilomita hamsini chini!”

“Ndio maana linatoa magaga hivi,” mama akajibu. “Lilikuwa linanikata, nikalisaga kwa sakafu ya simiti wiki nzima. Cheki mguu, kama wa bibi harusi!”

Nasike akalinyakua, karibu alie. Kisha akaona upande uliosagwa: umelainika kama kioo, na chembe za kijani zilizofichika ndani zinang'aa zote.

Huko chuo, maprofesa wakauliza ni mashine gani ililainisha jiwe hivyo.

“Ni mathe, na simiti ya Kaloleni,” Nasike akasema bila kupepesa macho. “Sasa niwaonyeshe hizi chembe za kijani.”

Nafasi akapata. Mama akadai jiwe lingine.