Siku Niliyomvua Kabula Kilemba

Yule mama wa kwenye video, mwenye gauni la kitenge cha njano, aliyeshika maikrofoni kama anataka kuitafuna na kusema "Avue kilemba! Mbele ya watu wote, avue!", ni mimi. Nimekana kwa muda mrefu. Kazini nilisema yule ni mdogo wangu wa Kahama (sina mdogo Kahama), kanisani nilisema siku hizi vijana wanatengeneza sura za watu kwa kompyuta, na kwa mume wangu, ambaye siku hiyo alikaa pembeni yangu na bega lake linaonekana kwenye video hiyohiyo, niliomba tu tusilizungumzie. Leo nalizungumza mwenyewe, kwa sababu nimechoka kumtunza mdogo wangu asiyekuwepo.

Ugonjwa ulianzia kwenye simu. Mimi ni mtu wa kuandika makala, nakaa Ngokolo pale Shinyanga, na mtu wa kuandika makala ni mtu wa kutafuta kila kitu cha kufanya isipokuwa kuandika makala. Basi siku moja nikakutana na video ya watu wanacheza poka, na nikanasa. Utamu wa poka si kucheza, ni kutazama. Kila mchezaji ana karata mbili za siri, nyingine zinafunuliwa katikati ya meza kwa wote, na wachezaji wanapandishana dau wakitazamana usoni kama wadai talaka. Lakini wewe mtazamaji unaonyeshwa karata za kila mmoja. Unajua nani ana mzigo na nani anapiga mkwara. Unakaa kwenye kochi na kikombe cha chai, unamwona mtu mzima anatetemeka kwa karata ambazo wewe ungezitupa tangu mwanzo, na unamwambia kwa sauti, "Tupa, baba, tupa!"

Nikasoma mbinu zote. Cheza karata chache, lakini kwa ukali. Afadhali uwe wa mwisho kusema, usikie wenzako kwanza. Mtazame mtu mikono, usimtazame uso, maana uso umeshafundishwa kudanganya. Na kubwa kuliko zote: ukishaona huna kitu, usiongeze dau kwa aibu ya kurudi nyuma. (Hiyo ya mwisho muikumbuke, kwa sababu mimi sikuikumbuka.)

Tatizo ni kwamba elimu hiyo haikukaa kwenye simu. Muuza nyama akigusa pua kabla ya kusema "hii steki safi, mama," nahamia bucha nyingine. Baba Kulwa, mume wangu, akisema amechelewa kikaoni, namtazama vidole. Nilikuwa nimeanza kuishi na watu wote kana kwamba wameshika karata, na mimi peke yangu ndiye mwenye kamera chini ya meza.

Sasa, sisi tuliosoma pamoja sekondari tulikuwa tunatafuta fedha za kuezeka bweni la wasichana ambalo upepo uliondoka na paa lake. Chakula cha jioni cha hisani tulishafanya, watu wakala na wakasahau hisani. Mimi ndiye niliyesema, tucheze poka, isiwe ya pesa, iwe ya vipande vya plastiki, watu walipie kiingilio kutazama, na mshindi apewe zawadi. Mfanyabiashara mmoja wa Geita mwenye duka la vyombo vya umeme akajitolea friza kubwa, jipya kabisa. Tukakodi ukumbi palepale Geita, Jumamosi mchana. Wachezaji tukawaweka kwenye chumba cha pembeni, mlango umefungwa, kwenye meza ya kioo yenye kamera, na watazamaji wakakaa ukumbini mbele ya skrini wakiona kila karata. Mtangazaji na mchambuzi, bila uchaguzi wala upinzani, nikawa mimi.

Fundi wa mitambo, kijana mpole tu, akaniuliza, "Mama, picha na sauti tuvicheleweshe kidogo? Wenzetu huwa wanachelewesha, ili kinachosemwa huku kisiwafikie wachezaji."

Nikamjibu kwa maringo, "Mwanangu, watu wa Geita hawajalipa kiingilio waje kula kiporo. Rusha ya moto."

Uamuzi wenyewe ni huo. Hakuna mwingine. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu mzima, nitatangaza bila kutaja karata ya mtu yeyote, hata kama spika moja tuliitundika juu ya mlango wa kile chumba kwa sababu ndipo palipokuwa na msumari.

Mchezo ukaanza na ukanoga. Watu walikuwa wamejaa, wachimbaji wamekuja na viatu vya udongo, akina mama wa sokoni, walimu wastaafu, na ndani ya saa moja wote walikuwa mabingwa wa poka. "Anapiga mkwara huyo!" "Muone anavyomeza mate!" Nami juu yao, kwa sauti ya madaha, "Wapenzi watazamaji, mchezaji wetu ameziangalia karata zake, ametulia, je, atapandisha?" Wakati mwingine watu wa nyuma walikuwa wanaangua kicheko nikiongea, nami nikajua ni uchambuzi wangu umewakolea.

Mpaka wakabaki wawili. Mmoja Masanja, broka wa dhahabu kutoka Masumbwe, miwani myeusi ndani ya nyumba, pete kama kufuli. Wa pili Kabula. Kabula ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, tulikaa dawati moja, na siku hizi yuko Nkome kwenye biashara ya dagaa. Akina mama wa pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, wanaokausha dagaa humpa magunia yao, yeye anayapeleka kuyauza Geita na Shinyanga na kuwarudishia chao, kwa mdomo tu, hakuna karatasi. Friza alilitaka kwelikweli, la kuwekea sangara. Na poka alikuwa amefundishwa wiki iliyotangulia, na mimi, kwa simu.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Masanja alipandisha dau akiwa hana kitu kabisa, mkwara mtupu, na Kabula mwenye sita mbili za kusikitisha akamfuata kwa utulivu, akala. Nikasema bahati. Masanja akapandisha tena akiwa na mzigo, Kabula akatupa. Akapiga mkwara, Kabula akafuata. Nikaanza kumtazama muuza karanga aliyekuwa anapitapita karibu na dirisha. Nikamtazama fundi wa mitambo, kwa nini anagusagusa nyaya? Nikamshuku hata Masanja mwenyewe, labda wamegawana friza. Halafu ikaja raundi ile. Masanja alishika ree mbili, hakuna karata mbili kubwa kuliko hizo. Kabula alishika wafalme wawili, karata ambazo nimetazama poka miaka yote sijaona mtu akizitupa mapema hivyo. Masanja akapandisha. Mimi nikatangaza. Kabula akainua macho juu, akatabasamu kidogo, na akawatupa wafalme wote wawili kama mtu anayetupa maganda ya ndizi.

Ukumbi ukanguruma. Nikaziba maikrofoni kwa kiganja (niliziba, sikuzima) nikamwinamia mume wangu: "Baba Kulwa, huyu mwanamke anaiba."

Spika zote nne zikasema: huyu mwanamke anaiba. Ile ya juu ya mlango ikasema vizuri zaidi.

Mlango ukafunguka. Kabula akatoka, Masanja nyuma yake amevua miwani.

"Nani anaiba?"

Watu wote wakanitazama. Ningeweza kusema ulimi umeteleza. Baba Kulwa alinivuta gauni kabisa, "Kaa chini, mama, kaa chini." Lakini mbele ya ule umati, na maikrofoni mkononi, nikapandisha dau.

"Kabula, hakuna anayetupa wafalme wawili. Unaletewa ishara."

"Na nani?"

"Ushahidi ninao."

"Uweke mezani basi," akasema, akanisogelea. "Si wewe uliyenifundisha? Mtu akipandisha mfuate, umwambie onyesha."

Sikuwa na kitu. Nikaangaza macho mwilini mwake, mikono mitupu, simu alikuwa ameiacha mlangoni kama wenzake, na ndipo nikaona kilemba, kikubwa, kimefungwa hadi masikioni, na akili yangu ya video ikaniambia kifaa cha kusikilizia kimo humo. Mengine mmeyaona. "Avue kilemba!" Wapo waliosema "Mwache mama wa watu," na wapo, tena wengi zaidi, waliokuwa wameshalipia tamasha. "Avue! Avue!"

Kabula akafungua fundo na kukivuta kitambaa.

Hakukuwa na kifaa. Kulikuwa na kichwa kilichosukwa nusu. Upande mmoja mistari mizuri mipya, upande wa pili nywele timutimu zenye mvi, na kovu la moto la zamani ambalo kwenye dawati letu ni mimi tu niliyelijua, maana alikuwa anakaa nalo upande wangu. Msusi alikuwa hajamaliza, na yeye aliondoka hivyohivyo ili asichelewe harambee yangu. Watu wakacheka. Wakacheka sana. Kabula akakikunja kitambaa chake taratibu, akakiweka begani, akatoka nje bila kujifunika.

Bweni lilipata bati zake, friza likarudishwa dukani "mpaka jambo litatuliwe", na video ikatembea. Kwenye kundi letu la simu tukagawanyika, hawa wakisema aombwe radhi, wale wakisema mbona hajaeleza alivyojua. Nami, Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa na hawa wa pili. Hata niliposikia kwamba kule Nkome akina mama wameanza kumpita Kabula na magunia yao, kila mmoja anasema mzigo wa safari hii atausafirisha mwenyewe, nilihuzunika, lakini bado nilikuwa nauliza: wafalme wawili? Niliapa sitashika tena maikrofoni, na sijashika; ila kushuku sikuacha, hadi asubuhi ile simu ilipoita.

"Minza."

"Kabula."

"Umeshakula?"

"Nimekula."

"Hujala. Nimeshakusikia." Nyuma yake kulikuwa na upepo na sauti za wanawake. "Unataka nikwambie nilivyoiba?"

Nikaibana simu sikioni.

"Sema karata."

"Kabula, mimi..."

"Sema tu, mwalimu wangu."

"Karata."

"Ehee. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unasema Masanja akiwa hana kitu. Unatangaza kama msoma taarifa ya habari. Sasa Masanja akishika mzigo wa kweli, wewe roho inakuruka, chuo kikuu chote kinakutoka, unasema 'mchezaji wetu ameziangalia kalata zake'. Kalata, Minza! Ukumbi mzima unacheka, na spika iko juu ya kichwa changu. Zile ree mbili zilipokuja ulisema 'je, mchezo umefika kilele, atathubutu kupambana na hatali?' Hatali! Nikasema hapa naondoka na wafalme wangu."

Nikakaa chini, kwenye ngazi ya jikoni. Ni lazima niwaeleze: sisi Wasukuma lugha yetu haina r, na mwaka wa kwanza chuoni nilisimama kwenye semina nikasema nchi yetu ina "lasilimali" nyingi, wakacheka mpaka mhadhiri. Niliifundisha ile herufi ulimi wangu bafuni, bomba likiwa wazi ili wenzangu wasisikie. Nilikuwa na hakika kwamba ya zamani ilikufa.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikiliza mimi," nikasema.

"Spika umeitundika mwenyewe. Nizibe masikio?"

"Kwa nini hukusema palepale?"

"Mbele ya watu wale? Niwaambie wakucheke wewe, wakati najua unavyoionea aibu?" Akavuta pumzi. "Nilidhani utaniambia samahani kabla sijafika stendi ya mabasi. Sasa sikiliza. Nimeweka sauti kubwa, wenye dagaa wako hapa wamenizunguka. Mimi maneno yangu hawayataki tena. Waambie wewe."

Nikasafisha koo. "Ndugu zangu wa Nkome, napenda kuchukua fursa hii kuwafahamisha rasmi kwamba..."

"Huyo anapiga mkwara," sauti ya bibi mmoja ikasema kule. "Kata simu."

"Bibi, subiri! Shikamoo, subiri kwanza." Na hapo sijui nini kilinipasuka, machozi na makamasi vikaja pamoja. "Kabula hajaiba kalata. Hajamwibia mtu. Ni mimi niliyelopoka, nikaona haya kuludi nyuma, nikamvua kitambaa mbele za watu bule, lafiki yangu, bule kabisa!"

Upepo tu wa ziwani unapiga kwenye simu.

"Marahaba," yule bibi akasema. Kisha, akimgeukia mwingine huko: "Huyu sasa anasema kweli. Mmesikia? Hana r hata moja. Kabula, mwanangu, njoo uchukue magunia yangu."